Mota ya lifti haibebi uzito wote
Kusema mota ndiyo inayobeba chumba cha lifti na watu wote, kama makala moja ilivyoandika, si kweli kwa lifti za kamba, yaani zile ambazo chumba huning'inia kwenye kamba za chuma zinazopita juu ya gurudumu linalozungushwa na mota. Upande wa pili wa kamba hizo za chuma huning'inia fremu iliyopangwa vyuma au matofali ya zege, yenye uzito wa chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Mota inapambana na tofauti ya uzito wa pande hizo mbili tu. Kwa hiyo chumba kikiwa kitupu, upande wa pili ndio mzito, na breki ikishindwa kinapaa juu, tena kwa kasi! Mimi ni fundi wa kazi hii. Wenye majengo wanaodai kuweka mizani kati ya gharama na usalama huanza kubana hapohapo kwenye breki, na inaniuma sana. Kwenu lifti hukaguliwa na nani?