Kiangazi cha Dodoma hakifundishi kilimo
Nimesoma makala kuhusu kuwaandaa wageni wanaokuja kujitolea vijijini kwetu. Mwandishi wake anasema hao wanaojitolea kutoka nje wafutiwe darasa: wapelekwe kijijini mapema, wajipangie wenyewe cha kujifunza. Nakubaliana naye nusu. Huku Chamwino tumewapokea, na wanaoshinda kisimani na mnadani hushika Kiswahili haraka kuliko waliokaririshwa ngeli ukumbini. Na hilo darasa ni desturi ya zamani: wale Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps (shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu kujitolea nje) waliokuja Tanganyika mwaka 1961, wapima ardhi na wahandisi, walianzia chuoni kule Texas. Ninapopingana naye ni anapodai kijiji chenyewe kinatosha kuwa mwalimu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Anayeshushwa Julai anakuta mashamba matupu, uwele umeshavunwa, watu wako kwenye harusi na vikao. Anaandika kwenye daftari kwamba wenyeji hawana kazi nyingi (moja nimelisoma, mwenyewe alinionyesha). Angekuja Januari, palizi imepamba moto na chakula ndani kinapungua, angeandika mengine kabisa. Kwa hiyo ajiongoze, sawa, lakini awepo mtu wa kumbana jioni: ulichokiona leo umekielewaje, na nani mwingine umemuuliza? Halafu kuna mama mwenye nyumba, anayeacha shughuli zake kumwelekeza mgeni kusonga ugali na kupika mlenda. Huyo ndiye mkufunzi hasa, ila kwenye hesabu zote za mwandishi simwoni. Wenzangu wa Kongwa na Mpwapwa, huko kwenu hulipwa, au ni asante na picha tu?