Bosi wangu ni chumba cha mkutano

Mie yaliyonikuta yote yametokana na ile printa. Karatasi ilikwama, nikaivuta ikatoka, basi tangu siku hiyo ndo mtu wa kompyuta wa ofisi nzima. Stima ikipotea naulizwa mie, simu ya mtu ikijaa picha za harusi naletewa mie, na juzi juzi hapa mkurugenzi akanita akasema wafadhili wanataka kuona mpangilio wetu kwenye ile programu tunayochatia na kufanyia mikutano, yani ukibonyeza picha ya mtu uone juu yake kuna nani na chini yake kuna nani. Akanambia, "Kazi ya nusu saa hiyo." Mkurugenzi wetu kila kitu kwake nusu saa, hata kuvuka kwenda Mokowe kule bara maji yamekupwa boti imekaa kwenye mchanga, nusu saa.

Haya, watu thelathini na moja. Nikaingia, nikakuta kila mtu ana kisanduku kimeandikwa Meneja. Kimoja! Nikasogeza chini weee nikitafuta cha pili, hakuna. Mja mmoja, bosi mmoja. Aliyetengeneza kitu hiki hajafanya kazi Lamu hata siku moja, wallahi. Huku mtu ana bosi wa kwenye barua ya ajira, ana bosi aliyemtafutia hiyo ajira, na ana mjomba wa mkewe anayekaa meza ya karibu na dirisha. Umwambie ataje mmoja, tayari ushamtafutia kesi na wawili. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, wataalamu wamekuja wakapima madaka wakachora zidaka, lakini nani mkubwa wa nani sijaona aliyethubutu kuchora. Nimetumwa mie.

Na chenyewe kinakwenda kinyumenyume. Mie nilidhani namfungua mkubwa, nampangia watu wake chini kama unavyopanga samaki kwenye sinia. Thubutu. Unakwenda kwa mdogo, mmoja mmoja, unajaza bosi wake nani, kisha programu yenyewe ndo inamkusanyia mkubwa walio chini yake. Mkubwa hana ukubwa mpaka wadogo wamtaje! Sasa zunguka na daftari uulize watu wazima wenye ndevu, samahani ami, bosi wako nani? Mmoja akanambia nikarudi kwa mama yangu nikafundishwe adabu. Nahodha wa boti yetu nilimkuta pale gatini anafunga kamba, akafikiri kidogo, akasema, "Saa hii upepo wa kusi. Ukiisha, kaskazi." Nikaandika hivyohivyo kwenye daftari. Mwisho wake hata hakuingia, kwa sababu hana imeili, bila imeili hana akaunti, bila akaunti hayuko. Mtu ambaye siku akiumwa ofisi nzima haivuki, kwenye mti wa ofisi hayuko, lakini kijana wa mafunzo wa miezi mitatu yuko na picha amevaa miwani ya jua.

Kasheshe ya kwanza ilikuwa ya shangazi. Afisa wetu wa nyanjani, mama mtu mzima, kila mvuvi kuanzia Matondoni mpaka Kizingitini anamjua kwa sauti tu. Meneja wake wa mradi ni mtoto wa kaka yake, binti amesoma, ana digirii mbili. Miaka yote wamefanya kazi vizuri kwa sababu hakuna aliyewahi kulichora jambo lile. Shangazi mwenyewe ndo anayetoa amri, mpwa anaitikia labeka, jioni mpwa anaandika ripoti kana kwamba amri ilitoka kwake, mambo yanakwenda. Mie na nusu saa yangu nikaweka mstari.

Asubuhi akanijia mezani na simu. Hakusema neno. Akaitandaza picha ile kwa vidole viwili, ncha zina hina bado nyekundu ya harusi ya Jumapili, akavuta mpaka ule mstari ukawa mnene kama kamba ya nanga. Juu mpwa anacheka, chini yeye. Akanambia, "Mwanangu, huyu nimemfunga nepi mimi. Hii kamba umeifungia upande gani?" Nikamwambia shangazi, ni programu. Akasema, "Programu ina mama?" Sikuwa na jibu. Binti mwenyewe alikuwa amejifungia jikoni anajifanya anapasha chai, akanitumia meseji: NITOE JUU YAKE HARAKA. Nikambadilisha. Lakini kumbe ukibadilisha haionekani papo hapo, yaweza kuchukua siku nzima mpaka ionekane kwa kila mtu, kwa hivyo siku nzima ile shangazi alikuwa akiifungua simu kila baada ya dakika kumi, akiiangalia, halafu ananiangalia mie.

Sasa katika haraka ya kurekebisha mambo ya shangazi ndo nikaharibu makubwa. Mhasibu wetu mkuu anaitwa Baraka, ana watu tisa. Programu ukiandika herufi tatu nne inakuletea majina uchague. Nikaandika Bara, nikabonyeza la kwanza, nikaandika Bara, nikabonyeza la kwanza, mara tisa, kazi imekwisha, nikashuka Mkunguni nikanywe kahawa roho yangu nyeupe. La kwanza halikuwa Baraka. Lilikuwa Baraza. Baraza la Juu, chumba chetu cha mkutano, kile cha ghorofani chenye feni moja inayolia kama punda wa mtoto wa jirani. Vyumba navyo vina akaunti, ili mtu aweze kuvibuku kwenye kalenda. Kwa hivyo kitengo kizima cha uhasibu kikawa chini ya chumba.

Na hakuna aliyejua! Baraka hataki kupigwa picha, kwenye programu siku zote alikuwa duara tu lenye herufi, chumba nacho duara lenye herufi, nani angetazama? Tatizo likaja kwenye likizo. Sisi likizo tunaomba kwa kalenda, unamwalika aliye juu yako zile siku unazotaka, akikubali umepewa. Kwa Baraka jibu lilikuwa likichukua wiki mbili, na kabla ya jibu unaulizwa unakwenda wapi, na nani, na nauli umetoa wapi. Kijana mmoja akaomba wiki ya Maulidi. Na nyinyi mwajua wiki ya Maulidi Lamu ilivyo, mji umejaa wageni, punda wanashindanishwa, hakuna mtu anayetaka kukaa na risiti. Akatuma. Kabla hajaweka simu chini, jibu: amekubaliwa. Kwa sababu chumba hakina roho mbaya, kinaangalia tu kama kiko wazi saa hizo, kikiwa wazi kinakubali chenyewe.

Wa pili akaomba wiki hiyohiyo. Akakataliwa, papo hapo, kwa heshima zote, muda huo umeshachukuliwa. Wa tatu vilevile. Hawakununa! Walisema bosi siku hizi amebadilika, hana upendeleo, anayewahi ndo anayepata, hata mtoto wa dadake alikataliwa. Mmoja akamfuata Baraka kumshukuru, akambusu mkono. Baraka akaupokea, bila kujua kashukuriwa nini, ila shukrani haikataliwi.

Alijua siku ya Alhamisi, mkutano wa bajeti. Anapanda ngazi na mafaili, anakuta wafadhili wamesimama nje ya mlango, chumba kimejifunga kwenye kalenda saa mbili mpaka saa kumi, kimeandikwa "Likizo, nampeleka mama hospitali." Akanita kwa jina langu kamili na la babangu na la babu.

Nimerekebisha, mara tisa, safari hii nikisoma herufi moja moja kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nikangoja siku yake ipite, uhasibu wote ukarudi kwa Baraka. Mchana wakaja watatu mezani kwangu, wamebeba viazi karai kwenye gazeti na ukwaju wake, wanaulizia kwa sauti ya chini kama haiwezekani kurudishwa chini ya Baraza.

Nikasema haiwezekani, viazi nikala. Walipoondoka nikaona nijitazame na mie. Nikabonyeza picha yangu. Juu yangu, hakuna. Mkurugenzi naye juu yake hakuna. Ofisi ina vichwa viwili, yeye na mie, na mie ndo yule ambaye ruhusa yangu ya mwezi wa tatu mpaka leo haijajibiwa, kumbe ilikuwa haina pa kwenda.

Nikaandika Bara. Nikabonyeza la kwanza. Kisha nikaomba siku mbili, Jumatatu na Jumanne, nivue tasi na shemeji.

Chumba kimekubali.