Kupanga Siku ya Mgeni Si Kumfungia Mlango

Jumamosi moja ya katikati ya Mei, nikiwa nimepiga magoti kwenye tuta nikipandikiza miche ya nyanya hapa kijijini Ufaransa ninakoishi, simu iliita, na mdogo wangu wa ukoo anayeishi Paris akaniambia kwa furaha: "Dada, tumeshuka La Souterraine. Tuko watano. Njoo utuchukue." Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Niliifurahia sauti ile, kisha, kabla sijajibu, nikahisi kifuani jambo ambalo nisingethubutu kulitaja mbele ya marehemu mama yangu. Nilihisi hasira.

Gari letu lina viti vitano pamoja na cha dereva, kwa hiyo niliwafuata stesheni kwa safari mbili, kilomita 22 kwenda na 22 kurudi kila safari. Miche niliyokwisha kuitoa kwenye vikopo ilibaki juu ya udongo, na asubuhi nusu yake ilikuwa imelala. Wageni walikula wali, maharage na mayai yote yaliyokuwamo ndani, wakalala vizuri, wakaondoka Jumatatu wakiwa wameridhika, nami nilifurahi kuwa nao. Usiku ule ule wa Jumatatu nikaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba atakayependa kunitembelea namkaribisha kwa furaha kubwa, lakini anijulishe wiki moja kabla. Shangazi yangu wa Muheza, mkoani Tanga, alijibu kwa sauti: "Mwanangu, tangu lini mgeni akaomba ruhusa?" Wengine hawakuwa na upole wake. Walisema nimekuwa Mzungu, kwamba bustani imenipendeza kuliko damu yangu, na kwamba Ufaransa imenifundisha kufunga mlango.

Shangazi nimemjibu kwa simu, kwa heshima anayostahili. Hawa wengine ninawajibu hapa.

Anayesema kwamba kule kwetu mgeni hahitaji kutoa taarifa anasema kweli, ila hasemi ni nini kinachoufanya ukweli huo uwezekane. Nyumbani kwetu Muheza, mgeni akibisha hodi saa moja usiku, mtoto mmoja hutumwa dukani kwa Mangi kuleta mchele kilo mbili na mafuta ya kupima, mwingine hutumwa gengeni kuleta nyanya na vitunguu, wa tatu huruka ua kwa jirani kuazima sufuria kubwa na mkeka. Baada ya saa moja na nusu mgeni ananawa mikono. Sisi tuliokulia ndani ya mambo hayo tunauita ukarimu wa nyumba fulani, lakini ulikuwa ukarimu wa mtaa mzima, na bila mtaa ule mama yangu asingeweza kuwalisha watu watano wasiotarajiwa hata angekuwa na moyo mpana kuliko bahari.

Mimi ninaishi Creuse, katikati ya Ufaransa. Mkoa huu una watu wasiofika 120,000, ilhali Wilaya ya Muheza peke yake ilikuwa imeshapita 200,000 katika sensa ya 2012. Kitongoji chetu kina nyumba kumi na moja, na tano kati yake hufunguliwa madirisha mwezi wa Agosti tu. Duka hakuna. Mkate huuzwa kijiji cha pili, na mwokaji hupumzika Jumatatu. Duka kubwa lililo karibu liko mbali kwa gari, hufungwa Jumamosi jioni na halifunguliwi tena hadi Jumatatu. Mtoto wa kutuma hayupo. Jirani wa kuazima sufuria yupo, ana umri wa miaka themanini na minne, na sufuria zake ni za mtu mmoja. Katika mahali kama hapa, wiki moja ya taarifa ndiyo Mangi wangu, ndiyo genge langu, ndiyo mtoto wangu wa kutuma.

Najua kuna watakaosema kwamba mama zetu walilisha wageni hata pale duka lilipokuwa limefungwa. Ni kweli, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu nilikuwepo nikaona kwa gharama gani. Niliona daftari la madeni la Mangi likiandikwa jina la mama mpaka mwisho wa mwezi. Niliona kuku wa mayai akichinjwa, na wiki zilizofuata tukikosa mayai. Tulihamishwa kitandani tukalala mkekani, jambo ambalo kwa watoto ni raha, lakini yeye alihamia jikoni, akawa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Katika miaka yote ile sikumbuki hata siku moja mama aliketi kula pamoja na wageni wake. Aliwapakulia, akasimama mlangoni akiangalia kama mchuzi unatosha, kisha akala ukoko uliobaki sufuriani. Wageni walisifu nyumba ya baba. Nikisema kwamba nataka kujua siku ya mgeni ili na mimi niketi mezani pake, huko ni kuwadharau akina mama wa kwetu? Ninayemtetea ni mama yangu.

Kuketi huko nimejifunza hapa, na sioni haya kukiri. Jirani yangu huyo bibi hunialika chakula cha Jumapili wiki tatu kabla. Mwaka wa kwanza nililiona jambo hilo kuwa baridi ya moyo. Siku yenyewe tunaitwa saa sita na nusu mchana, na adabu ya hapa inataka tufike dakika kumi na tano baadaye, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kuvua aproni na kupumua. Tunaanza na kinywaji kidogo na vitu vya kutafuna, kinafuata chakula cha kufungulia, kisha nyama na mboga, saladi, jibini, kitu kitamu, kahawa. Yeye huketi nasi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vingi alivipika jana yake, naye huzungumza kuliko sisi sote. Tunaondoka saa kumi na moja. Mlo wa Kifaransa wa namna hiyo uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na mimi baada ya kuketi kwenye meza ile mara nyingi nimeelewa kwamba kinachoenziwa ni yale masaa ya kukaa pamoja kuliko nyama iliyoko sahani.

Msidhani lakini kwamba kila kitu cha huku kinanipendeza. Sahani zikipangwa nane, mtu wa tisa ni balaa. Kuongeza maji kwenye mchuzi ni jambo wasilolijua. Mgeni hakanyagi jikoni. Nilipoinuka mara ya kwanza kuosha vyombo, mwenye nyumba aliona haya kana kwamba nimemwambia nyumba yake chafu. Na lipo lililo zito zaidi: bibi huyu ana watoto wanne, na kuna majira ya baridi ambayo tangu Januari mpaka Machi hakuna aliyemgongea mlango isipokuwa mtu wa posta, muuguzi na mimi. Kwetu mzee wa umri wake angekuwa na wajukuu wamemjaa barazani hadi awafukuze. Jambo hilo linanichoma, na siku zote husema mbele ya Wafaransa wenyewe kwamba hapo sisi tumewazidi, tena mbali.

Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba haikuwa hivi. Alipokuwa mtoto, usiku wa baridi majirani waliingia bila taarifa, wakaketi kuzunguka moto, wakamenya chestinati, wakapiga soga mpaka kuni ziishe. Kila nyumba ilikuwa na watu. Creuse ni nchi ya waashi. Katika karne ya 19 wanaume wake waliondoka kila mwanzo wa machipuko kwenda kujenga Paris na miji mingine, wakarudi baridi ilipoingia, na baadaye wengi wakaacha kurudi. Nyumba zikapungua, mioto ikazimika, hodi ikakosa wa kuitikia. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kupanga siku ni Uzungu, ninamkumbuka bibi huyu aliyezaliwa katika hodi kama yangu na kuzeekea katika kalenda. Kilichombadilisha ni kuondoka kwa watu. Nanyi mnaoishi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam, ambako mlinzi wa getini humpigia mwenyeji simu kabla mgeni hajapanda ngazi, mniambie wenyewe ni lini mara ya mwisho mlibishiwa hodi na mtu asiyetuma ujumbe kwanza.

Kuhusu bustani niliyoambiwa naipenda kuliko damu: bustani hiyo ninailima kwa ajili ya hao hao wageni. Tanga nilizoea masika na vuli, na katikati yake ardhi ilikuwa haikatai kitu. Hapa mwaka wangu wa kwanza nilipanda nyanya na mbegu za mchicha mwezi wa Aprili kwa sababu jua lilinidanganya, na jalidi ya usiku mmoja ikaviunguza vyote vikawa vyeusi. Ndipo bibi aliponifundisha Watakatifu wa Barafu, yaani Mamert, Pancrace na Servais, ambao siku zao za zamani katika kalenda ni tarehe 11, 12 na 13 Mei. Kabla hawajapita, mmea unaoogopa baridi hautoki nje. Sasa viazi vitamu ninaviotesha dirishani tangu Machi ili nipate matembele Julai, na mchicha ninausia baada ya watakatifu wale. Wakulima wa hapa wanaujua mchicha wa porini kama gugu la kwenye mahindi, na mmoja wao alisimama siku moja kunionya kwamba ninamwagilia magugu. Nilimpikia kwa nazi na kitunguu. Mwaka uliofuata aliniomba mbegu.

Mgeni akija Mei, basi, hana atakachokikuta kwenye matuta yangu isipokuwa vitunguu vichanga na saladi. Akija mwisho wa Agosti atakuta mchicha, matembele, majani ya maboga ambayo wenzetu hapa huyatupa, maharage mabichi, nyanya za kujaza ndoo. Ninapomwomba aniambie siku, namwambia pia ni lini meza yangu inaweza kufanana na ya nyumbani.

Na kwa kuwa mmenikumbusha desturi, nami nawakumbusha ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu Januari 2019 sheria ya Ufaransa inatukataza sisi wenye bustani za nyumbani kutumia dawa za kemikali za kuua magugu, kwa hiyo magugu yote hung'olewa kwa mkono, na mikono yangu ni miwili.

Mdogo wangu aliniandikia jana. Wanakuja Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saba safari hii, na ameuliza walete nini. Nimemwambia wapite Château Rouge, mtaa wa Paris wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, wachukue unga wa ugali kilo tano na makopo sita ya tui la nazi, kwa sababu vitu hivyo huku sivipati. Mume wangu atakopa gari la pili kwa kaka yake. Bibi jirani nimemwalika Jumapili yake, wiki sita kabla, akaandika kwenye kalenda iliyo ukutani karibu na jiko, kisha akauliza kama anaweza kufika mapema aketi nasi jikoni tukichambua mboga.