Gemu la Kumaliza

"Hilo si gemu la misheni? Ukishalimaliza unalifanyia nini, bosi?"

Aliyeuliza ni kijana wa miaka ishirini hivi, pedi mkononi, macho kwenye TV. Hata kunigeukia hakunigeukia. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye kibanda kimoja si mbali na soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Nilikuwa nimefuata waya wa kuchajia pedi, nikajikuta nachakura boksi la viatu lililojaa CD za magemu ya PS3, yaani PlayStation 3, nikanunua moja. Wenzake wanne waliobanana kwenye benchi wakaangua kicheko. Mwenye kibanda naye akacheka, mtu ambaye ndiyo kwanza ametia hela yangu mfukoni! Nikacheka na mimi, kinyonge, nikatoka. Jibu lilinijia nikiwa juu ya bodaboda, nimeshakaribia kwangu Pasua, na kumgeuza bodaboda ili nikamjibu mtoto wa watu niliona ni kujidhalilisha. Namjibu hapa.

Gemu lenyewe ni Uncharted 2, na kweli ni la misheni, yaani hadithi unayoicheza hatua kwa hatua mpaka mwisho. Ni la kampuni ya Naughty Dog, walewale waliotupa Crash Bandicoot enzi za PS ya kwanza. Lilikuwa chini kabisa ya boksi, limelaliwa na magemu ya mpira ya FIFA ya kila mwaka. Kasha limepasuka kona. Mbele lina ile alama ya umri ya Ulaya, 16, na kibandiko kilichofifia cha £2.99, maana yake kuna mtu Uingereza alilicheza, akalimaliza, akalitoa. Ndani, kwenye kijitabu, kuna mwandiko wa kalamu ya wino, herufi kubwa, mkono wa mtu aliyeandika huku amekasirika: RUDISHA J2. Hapo safari ya pili inajieleza yenyewe. Lilifika huku, likapata mwenyewe, likaazimwa, na Jumapili hiyo mpaka leo haijafika. CD hii imetembea kuliko mimi niliyeishia Namanga. Na PS3 haina ubaguzi, gemu la Ulaya inalipokea kama la nyumbani. Nilitajiwa elfu 25, nikasema 12, tukakutana 18.

Mwenye kibanda, nisimnyime haki yake, alinipa ushauri wa bure: "Kaka, lete mashine nikuchipie, nikuwekee magemu arobaini kwenye hadi diski. CD za nini tena zama hizi?" Sijifanyi mtakatifu. PS2 yangu ilikula CD za kuchoma za elfu mbili mbili mpaka jicho lake la kusomea CD likafa. Lakini magemu arobaini najua yanavyokwenda. Unafungua hili dakika kumi, lile dakika tano, la tatu unaangalia picha yake tu, na mwisho wa yote unarudi kwenye mpira. Ni kama mtu aliyeingia kwenye harusi yenye vyakula vya kila aina akatoka na wali mtupu.

Sasa, huo mpira. Sina ugomvi nao na nimefungwa magoli humo vibandani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mechi moja shilingi mia tano, ukifungwa unaachia pedi, watu wanazomea, raha tele. Haya, nawapa hilo moja: gemu la mpira linakalisha watu benchi zima, la misheni lina pedi moja. Lakini kijana aliyenicheka alikuwa anacheza FIFA 19, na hiyo ndiyo FIFA ya mwisho kutoka kwa ajili ya PS3. Humo ndani Samatta bado yuko Genk. Messi bado yuko Barcelona. Ronaldo ndiyo kwanza katua Juventus. Wamekaa pale wanabishana usajili wa wiki hii huku vidole vyao viko mwaka 2018. Halafu mimi ndiye nimenunua kitu kilichokwisha!

Nasi tufike kwenye lenyewe. Uncharted 2 ilitoka Oktoba 2009 ikiwa na vitu viwili ndani ya CD moja. Kimoja ni hadithi: sura 26, ina mwanzo, ina mwisho, mtu wa kawaida anaitembea kwa saa kumi na ushei akafika. Kingine ni mapambano ya mtandaoni, wewe na watu usiowajua, leo unapanda ngazi, kesho unapanda ngazi, mechi zenyewe hazina mwisho. Kwa mantiki ya yule kijana, hicho cha pili ndicho cha kununua, kwa kuwa hakimalizwi. Basi Septemba 2019 Sony walizima mitambo ya mtandaoni ya gemu hilo. Kwishnei. Ukibonyeza huko leo hakuna mtu. Lilipotoka upya kwa ajili ya PS4 mwaka 2015, likiwa pamoja na ndugu zake wawili, hiyo sehemu hata haikuwekwa.

Kwa hiyo kile kisicho na mwisho ndicho kilichokufa. Kile cha kumaliza kipo palepale, kinafunguka Pasua, kwenye TV ya mtumba, kwa elfu 18.

Na hata ile biashara ya kununua gemu mtandaoni bila CD, mwaka 2021 Sony walitangaza wanafunga duka la PS3 kabisa. Watu wakapiga kelele dunia nzima, wiki chache baadaye wakarudi nyuma. Walirudi nyuma safari hiyo. Mimi siwekezi kwenye huruma ya mtu. Na bando la kupakulia hilo gemu angelilipa nani?

Lakini nisijifiche nyuma ya mitambo. Mimi nina miaka 38 na nimechoka na vitu visivyoisha. Mkopo wa kwenye simu hauishi, unalipa unaambiwa sasa unastahili mkubwa zaidi. Magrupu ya michango hayaishi. Harusi ikipita linabadilishwa jina linakuwa la kipaimara, watu walewale, mweka hazina yuleyule. Kazini kwangu faili likifungwa linafunguliwa lingine lenye namba ileile na mkwaju mbele. Ndiyo, nataka kitu kimoja ambacho usiku mmoja, saa tano, majina ya waliokitengeneza yatapanda kwenye kioo, muziki utapigwa, nami nitaweka pedi chini. Na kwa sababu kimekwisha kwangu, kitaanza kwa mwingine. Yule wa £2.99 asingelimaliza mimi ningelipata wapi?

Nikalicheza, na hapa ndipo lile suala la pedi moja linapoanza kuniletea mashaka, maana sikulicheza peke yangu hata usiku mmoja.

Mama alishuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa kwangu wiki mbili. Daktari alimwambia apumzishe macho. Gemu linaanza na Drake, kidume mwenyewe, anazinduka kwenye kiti cha treni akiwa na damu tumboni, kumbe behewa linaning'inia kwenye ukingo wa korongo, theluji kila upande. Inabidi alipande behewa hilohilo huku vyuma vinachomoka. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Kisu kikasimama. "Yesu na Maria! Huyu mtoto wa nani?"

Jirani yangu ni mpagazi wa mlimani, mtu anayepandisha kilo 20 Kilimanjaro kwa riziki. Alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akaegemea mlango, akaangalia dakika nzima bila kusema, halafu: "Shikamoo mama. Kaka, huyu kavaa nini? Shati? Kichwa wazi? Kwa shati hilo pale kambi ya Barafu usiku tungekuwa tunamshusha kwa machela." Akaketi. Chumvi ikasahaulika. Tangu siku hiyo, saa mbili usiku hodi inapigwa, na kazi yake ni moja tu, kukosoa. Kamba imefungwa vibaya. Pale hapashikiki. Mtu hakimbii kwenye mwinuko kama huo, mapafu yatamtoka puani. Mama kazi yake ilikuwa kusali kwa sauti ya chini kila Drake anaporuka. Mimi natafsiri Kiingereza na kubonyeza. Kweli pedi ni moja, lakini mniambie nani kati yetu alikuwa hachezi.

Likakwama tulipofika kwenye treni, ile yenyewe, kabla haijaanguka. Picha ikaganda, mashine ikaanza kukohoa. Nikafanya tulichokuwa tunafanya wote enzi za PS2: dawa ya meno, kitambaa laini, unasugua kutoka katikati kwenda nje. Haikusaidia kitu. Fundi niliyempelekea aliniangalia kama mtu aliyempaka mgonjwa wa malaria Vicks. Akanieleza, na hili lilinifaa: CD ya gemu la PS2 mara nyingi ni DVD, data imelala katikati ya plastiki, zaidi ya nusu milimita ndani, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unaweza kuusugua ukaisha. Ya PS3 ni Blu-ray. Data yake iko juujuu, sehemu moja ya kumi ya milimita tu kutoka usoni, ila imepakwa ngozi ngumu ya kuikinga. Mkwaruzo mdogo hauifiki. Ukifika, umefika, hakuna cha Colgate. Akaishika CD kwenye mwanga, akasema nzima. Akafungua mashine. Vumbi la Pasua lilikuwa limejaa mle mpaka ungepanda mchicha. Akalifuta jicho kwa spiriti, elfu kumi.

Kwa hiyo wakati wa kupiga hesabu mniwekee 28. Sitaki mtu aniletee hoja ya urahisi wa mtumba. Mtumba una gharama zake na fundi ni mmojawapo.

Siku tatu hizo mashine ikiwa kwa fundi, Mama aliniuliza asubuhi na jioni kama treni imetoka.

Ikatoka. Baada ya ajali Drake anazinduka kwenye kijiji cha Tibet, chini ya milima, kumetulia, watoto wanacheza mpira. Mwenyeji wake, Tenzin, anaongea lugha yao na chini hakuna tafsiri. Kwa mara ya kwanza mimi, Mama na mpagazi tukawa sawa: hakuna aliyeelewa neno. Drake naye haelewi. Pale bunduki hakuna, na ukibonyeza kitufe ulichozoea kupigia watu ngumi, anapeana mkono na mwanakijiji. Sikulijua hilo. Nilikuwa napita tu naharakisha, Mama akanikata: "Wewe, mbona unawapita watu wazima kama nguzo? Wamemwokoa huyo. Asalimie." Nikajaribu kumwambia Mama gemu haliendi hivyo. Nikabonyeza ili kumthibitishia. Drake akanyoosha mkono, mzee wa watu akaupokea. Mama akarudi kwenye ndizi zake, kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tukazunguka kijiji kizima tunasalimia. Mpagazi akasema sasa ndiyo anaanza kumheshimu.

Nimecheza magemu tangu PS ya kwanza na sikumbuki sehemu iliyonikaa kama ile, na hakuna aliyekufa.

Mama alipanda kurudi Kibosho zikiwa zimebaki sura tano. Nilimaliza Alhamisi, saa tano usiku, mpagazi pembeni yangu kimya. Majina yakapanda. Nikampigia Mama asubuhi, hata salamu hazijaisha akauliza, "Yule kijana alifika?" Nikamwambia alifika. "Na nguo alipata?" Alipata, Mama, koti zito kabisa.

Jioni yake hodi ikapigwa saa mbili ileile. Mpagazi kasimama mlangoni, hakuja kwa ajili ya chumvi. Shemeji yake wa Majengo ana PS3, inakaa tu, wanachezea mpira. Anaomba CD. Nikaitoa, nikaifuta kwa fulana, nikamwambia sharti ni moja, irudi Jumapili. Akafungua kasha, akasoma ule mwandiko wa wino, akaniangalia.

"Kaka, Jumapili ipi? Mimi Jumapili niko mlimani."