Levasseur PL.7 inalaumiwa kwa kosa lisilo lake

Kila zinapotajwa ndege za topedo (kombora la majini la kuzamisha meli) za wanamaji wa Ufaransa, Levasseur PL.7 hubezwa kwa mwendo wake: kilomita 170 kwa saa. Naona hukumu hiyo si ya haki. Ndege hii ya mabawa ya juu na chini, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1928, ilijibu swali zito zaidi: injini yake moja ikizimika katikati ya bahari, watu watatu waliomo watapona vipi?

Ndege yenye magurudumu yasiyokunjika ikishuka majini, magurudumu ndiyo yanayotangulia kugusa. Maji huyakamata ghafla, mkia hunyanyuka, ndege ikapinduka na watu wakabaki chini. Dawa ya Pierre Levasseur, muundaji wa ndege hii, ilikuwa magurudumu yanayoachiwa. Rubani hutupa topedo, kisha hufungua magurudumu yakaanguka baharini, ndipo ashuke kwa tumbo. Tumbo lenyewe liliundwa kama mashua, halipitishi maji, na maboya madogo chini ya bawa la chini yaliizuia ndege kulala ubavu. Marubani Wafaransa Nungesser na Coli walipoondoka uwanja wa Le Bourget, Paris, tarehe 8 Mei 1927 kwa PL.8, ndege ya ukoo huohuo, waliyaachia magurudumu baada tu ya kupaa; walikusudia kutua majini New York.

Kuhusu mwendo, tazameni meli. Béarn, meli pekee ya Ufaransa ya kubebea ndege wakati huo, ilikuwa manowari ya mizinga iliyogeuzwa kabla haijakamilika. Mbio zake ziliishia noti (kipimo cha mwendo wa meli) 21 na nusu, yaani upepo wa kilomita 40 hivi kwa saa juu ya sitaha wa kuisaidia ndege kupaa. Meli ya noti 30 ingetoa 55. Upungufu huo ulifidiwa kwa mabawa makubwa, nayo huvutwa nyuma na hewa. Injini ya Hispano-Suiza ya nguvu za farasi 600 ilibeba karibu tani nne, topedo peke yake kilo 670. Isitoshe, topedo za enzi hizo ziliachiwa chini na polepole, la sivyo zilivunjika zikipiga maji.

Kasoro halisi ya PL.7 ilikuwa mtetemo. Mwaka 1931 kuna zilizovunjika angani, zote zikazuiwa kuruka hadi zilipoimarishwa na kufungwa rafadha (feni za kuvuta ndege) za mapanga matatu. Hilo ni kosa la muundaji. Kuziweka kazini mpaka 1939, wakati ndege za kivita za adui zilishavuka kilomita 500 kwa saa, ni kosa la wakubwa wa jeshi la wanamaji.