Sikuzimia, Stendi Ilizama

Kwanza kabisa, kwa mnaosema kwenye ile video nimeanguka na pikipiki kwa sababu nilizimia: sikuzimia. Usingizi haukunichukua, wala presha haikupanda. Swahiba wangu aliyeirusha ile video kwenye makundi yote ya wastaafu, na chini akaandika "Mzee kafika Tanga, kaibusu ardhi", ana simu nzuri na ulimi mbaya. Sasa nisikilizeni mimi niliyekuwa chini.

Mwanza hadi Tanga kwa pikipiki, peke yangu, kwa Singida, Dodoma, Chalinze na Segera, zaidi ya kilomita 1,200, kwa umri ambao wajukuu wanakukataza hata kupanda ngazi. Njiani hakuna kilichonishinda. Ule upepo wa Singida unaokupiga ubavuni nilikwenda nao sambamba. Cheni nilikuwa naikaza kila ilipolegea kupita sentimita tatu, maana ukibeba mzigo inalegea upesi, na ukiikaza mno unaua beringi. Upepo wa matairi nilipima alfajiri, kabla hayajapata moto. Mabaya yote yalikuwa yananisubiri uani kwa dada yangu.

Naingia. Vigelegele. Nazima injini, naiacha kwenye gia ya kwanza isije ikaserereka, nashusha stendi ya pembeni kwa mguu wa kushoto. Naiegemeza pikipiki. Imetulia. Nyuma yangu kuna gunia la dagaa wa Mwanza, kilo 20, nimelifunga kwenye keria kwa vipande vya tyubu, limesimama hadi usawa wa mbavu. Mguu wa kulia ndio wa kulivuka. Tangu Segera sijashuka, na injini ya silinda moja inakutetemesha mpaka nyonga zinasahau kazi yake. Nainua. Goti linapanda, kisigino kinalipapasa gunia, kinapita... ncha ya buti inaingia chini ya mpira. Imenasa.

Sasa pigeni hesabu. Pikipiki kilo mia na ushee, gunia juu, na mimi nimesimama upande wa kushoto kwa mguu mmoja, nimeng'ang'ania usukani. Uzito wote huo umeshukia stendi ambayo wayo wake haupiti kisigino cha kiatu cha bibi harusi. Na chini ni mchanga wa pwani, mkavu.

Ikaanza kuzama. Taratibu kabisa. Nauona usukani unanijia, nausukuma, lakini mtu wa mguu mmoja anasukumia wapi? Dada anadhani ni mbwembwe, anaongeza kigelegele. Mjukuu anauliza, "Babu anacheza?" Mimi napiga kelele "Shikeni!", ila kofia ngumu imefungwa na kioo kiko chini, nje kinatoka kitu kama "mmh, mmh". Swahiba, mnamsikia wenyewe kwenye video, anasema: "Anashukuru Mungu."

Kioo cha pembeni cha kushoto kiligusa kwanza. Ukafuata mkono wa klachi. Nikafuata mimi, chali. Gunia likapasuka, na ndilo lililoikinga pikipiki isinilalie. Mguu wa kulia ungali juu, umeshikwa na tyubu, umeelekea mawinguni. Hiyo ndiyo picha ambayo wengine mmeiweka kwenye wasifu wenu, nawajua. Dagaa kifuani, dagaa ndani ya kofia. Kuku wa dada hata pole hawakunipa, walianza kula.

Mnaouliza kwa nini sikutumia stendi ya katikati: mje nyie mkaipandishe na mzigo wake, mchangani, kwa nyonga hizi. Na mnaouliza kuhusu kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi, ninacho. Nilikifungia chini ya gunia.

Mengine yalikwenda haraka. Vijana wakainua. Mimi mguu bado haujafunguliwa, nikawafokea, "Fungeni koki ya petroli!" Pikipiki ya kabureta ikilala chini petroli inafurika na kumwagika, na shemeji alikuwa amesimama pale na sigara. Kijana mmoja akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, injini kimya, kwa sababu ilikuwa imelewa mafuta. Choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, usiiguse hapo. Koki iwe imefungwa, vuta aksereta yote, piga kiki polepole mpaka ikohoe. Ikakohoa, moshi ukatoka, nikawaambia sasa fungueni koki. Mkono wa klachi umepinda, na fundi mmoja alishashika nyundo. Nimemzuia. Ile ni alumini, ukiinyoosha inakatika, tena itakukatikia barabarani. Nimeagiza mpya, na kioo.

Swahiba naye anasema video ataifuta nikimpikia dagaa. Wapo tele. Nawauza kwa bei ya hasara, anayetaka aje na ndoo yake, awaoshe maji matatu, na akikuta msumari humo anirudishie, ni wa keria.