Tai Katikati ya Kaskazi

Hivi jamani, aliyebandika lile tangazo nje ya ofisi ya skuli yetu ya masista alikuwa kasimama juani au kakaa kwenye kiyoyozi? "Kuanzia Jumatatu, kila mwanafunzi avae tai, asubuhi hadi kengele ya mwisho." Tai! Mwezi wa pili, joto nyuzi 32, jasho linamtoka mtu aliyekaa kitako hajafanya lolote. Na mfungo juu yake.

Sie hatubishani na wakubwa, tunauliza kwa adabu tu. Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja 1863. Kwao Ufaransa kanzu ya padri ni nyeusi, nzito, ina vifungo mpaka chini. Huku kwenye joto wakahamia kanzu nyeupe, nyepesi, na hakuna aliyesema dini imeharibika. Basi padri kapunguziwa, mwanafunzi ndiye kaongezewa?

Ingekuwa tai ya pamba tungenyamaza. Ni polista tupu, na inakuja kwa namna mbili, kila moja na balaa lake. Ya mpira ina fundo lililoshonwa tayari, unapitisha kichwa tu. Raha, mpaka mpira uonje jasho na jua la kwenye kamba ya kuanikia. Unalegea, fundo linashuka kifuani, unaupiga fundo jengine nyuma ya shingo ukaze. Hapo umemtengenezea manati anayekaa dawati la nyuma: anavuta, anaachia, na mwalimu anakuuliza wewe kwa nini unapiga kelele.

Ya kufunga inataka akili. Ncha pana ishuke chini ya nyembamba kwa shibiri moja na nusu hivi, ipite juu yake, izunguke nyuma, irudi mbele, ipande kupitia shingoni, ishuke ndani ya kitanzi cha mbele, ndipo uvute. Wengi hukosea pale pa kupima: nyembamba inaning'inia mpaka kwenye zipu, pana inaishia mfuko wa shati. Kwa hiyo mtu wa Fomu Foo akipatia siku moja hafungui tena. Anailegeza, anaivua kwa kichwa, anaitundika kwenye msumari mpaka mahafali. Na musiipige pasi ya mkaa, yakhe. Ile haina pa kupunguzia moto. Usipotandika kitambaa kibichi juu, polista inang'aa kwanza, halafu inajikunja, halafu ni msiba.

Sasa twende getini.

Getini anasimama Sista wa nidhamu, chini ya mkungu, kuanzia saa 1 kasorobo. Sista huyu hana haja ya daftari. Nusu ya mama zetu kawafundisha yeye, mpiga kengele ni mjomba wa watoto kumi na kitu, na anayeuza chapati kantini anakaa mlango wa pili na mwalimu mkuu. Ukifanya jambo saa 2 asubuhi, saa 4 bibi yako analijua, na ukirudi nyumbani unakuta kikao kimeshafunguliwa.

Basi nyumba moja ina watoto watatu hapa: kaka Fomu Foo, dada Fomu Tu, mdogo wao Fomu Wani. Mama yao kapiga hesabu ya sukari ya Ramadhani, akanunua tai moja. Mpango ukapangwa usiku kwa heshima zote. Kaka anapita getini na tai, anazunguka nyuma ya vyoo, anaifunga kwenye kandambili ipate uzito, anairusha juu ya ukuta. Dada anaidaka, anaibana kidogo maana kola yake ndogo, anapita, anazunguka, anarusha. Kandambili ya pili ikamwangukia muuza maji, lakini hilo lilimalizwa kwa samahani.

Mdogo mtu akafika. Kola imenyooka, fundo safi, uso wa malaika.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Shikamoo Sista."

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Nani kakufungia vizuri hivi?"

"Kaka."

"Kaka yuko wapi?"

"Ndani."

"Kaingia na tai?"

Kimya. Ndio ubaya wa kuanzishiwa na Tumsifu: zaidi ya nusu yetu ni Waislamu, na bado ukishaitikia Milele amina ulimi unakataa kutunga uongo. Hata hao Wakatoliki wenyewe wanalalamika.

"Na hili doa?"

"Urojo, Sista."

"Naliona ni urojo. Lina umbo la Pemba. Saa 1 kamili Pemba hii imepita hapa kwa mvulana wa Fomu Foo. Dakika saba baadaye ikapita kwa msichana wa Fomu Tu. Sasa imerudi. Mie nimefundisha jografia, mwanangu. Pemba iko moja."

Foleni nzima ikaanguka kicheko, na humo humo kwenye foleni watu wakaanza kuficha vya kwao. Mmoja alikuwa na tai ya harusi ya baba yake. Mwengine kavaa mkanda wa buibui, kasema ndio mtindo mpya.

Lile doa nalo lina somo lake. Bizari ya manjano ukiipiga sabuni inageuka nyekundu, na hapo mtu anaingiwa na hofu, anazidisha sabuni. Suuza kwa maji mengi, kisha anika juani siku mbili tatu, mwanga ndio unaoila. Lakini nani ataianika siku tatu tai inayovaliwa na watu watatu?

Adhabu ikawa kufagia majani ya mkungu, wote watatu. Mkungu unamwaga majani mapana mekundu, ukifika mwisho wa uwanja mwanzo umeshajaa tena. Na kufagia ni kwa tai! Moja, kwa zamu! Ukiinama inaingia kwenye takataka. Ukiitupa begani unaambiwa tai si kitambaa cha kufutia sahani. Sasa iwe wapi? Tuambieni basi ikae wapi, maana shingo ni hii hii, jasho ni hili hili, na saa 2 bado hazijafika!

Haya. Darasani ndio hakusemeki. Feni mbili, moja inazunguka, ya pili inanguruma tu. Hiyo si mbovu, kapasita ndiyo imekufa, kile kidude cha umeme cha kuianzishia feni. Ukiisukuma kwa mpini wa fagio inaondoka yenyewe. Kila asubuhi yuko wa zamu ya kusukuma feni. Saa 6 kamili kengele inalia ya Malaika wa Bwana, sala ya mchana ya Wakatoliki, mwalimu anasimama. Anarudi ubaoni, anaandika mstari mmoja na nusu, adhana ya adhuhuri inaingia, anasimama tena. Mwalimu wa hesabu ana chuki maalumu na Ijumaa ya kwanza ya mwezi: Wakatoliki wana misa, Waislamu wana swala ya Ijumaa, na hata wale ambao mwezi mzima hawajulikani wako wapi, siku hiyo kila mmoja ana dini yake imara.

Na mwaka huu, 2026, mifungo imeingia kwa mlango mmoja. Jumatano ya Majivu tarehe 18 Februari, Ramadhani nayo papo hapo. Kantini imefungwa. Sheria ya Kanisa iko wazi: kufunga chakula ni kuanzia miaka 18 mpaka 59, tena ni lazima siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wa miaka 14 na kuendelea ataacha nyama. Kwa hiyo mtoto wa Fomu Tu hadaiwi kufunga, ila atanunua wapi, na atatafunaje mbele ya mwenzake aliyekauka midomo? Anaishia stoo ya mifagio na andazi lililofungwa kwenye gazeti, anatafuna polepole lisisikike, huku kabana mlango kwa mguu. Hiyo kuacha nyama Ijumaa, kisiwani, mtu anapelekewa changu wa kupaka na ngisi. Sijui nani anateseka hapo.

Jioni masista wakiandaa futari ya skuli, ndio utajua watu. Uji wa pilipili manga sufuria mbili, muhogo wa nazi, tambi, tende sahani kwa sahani. Waliofunga wanatia tende mdomoni, wanakwenda kuswali magharibi kwanza kwa utulivu. Wakirudi, wa stoo ya mifagio wako kwenye tambi mkono wa pili, wanauliza kama kuna sukari zaidi. Na masufuria nani ataosha? Fomu Wani. Daima Fomu Wani, kwa maji ya ndoo, maana mfereji ule wa jikoni tangu Krismasi unatoa upepo.